Lenzi za Joto: Kutoka Mlima wa Mabaki wa Lubumbashi Hadi Maji ya Uvira

Kila baada ya siku 16, saa nne asubuhi hivi, setilaiti ya Marekani iitwayo Landsat 8 hupita kilomita 705 juu ya ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Saa hiyo wavuvi wa Kalundu na Mulongwe, mjini Uvira, wamekwisha kurudi, dagaa waitwao ndakala wameanikwa, na akina mama wa soko wameshapanga bei ya samaki aitwaye mukeke. Ndani ya setilaiti hiyo mna chombo kinachopima joto la uso wa maji na la nchi kavu, na mionzi inayoingia humo hupita katika lenzi nne: tatu za jerimaniamu na moja ya selenidi ya zinki. Kioo cha kawaida hakimo. Mbele ya mionzi ya joto, kioo tunachotia madirishani ni ukuta.

Jerimaniamu ni mojawapo ya madini ambayo Kongo imewahi kuyatoa kwa wingi, na sasa inayatoa tena. Hayatoki Kivu Kusini, ambako wachimbaji wetu wanafukua dhahabu, kasiteriti na koltani. Yanatoka Haut-Katanga, mamia ya kilomita kusini. Kwa hiyo nchi moja ina madini ya kutengenezea lenzi za joto, na pia ina ziwa, mipaka na milima inayotazamwa kwa lenzi hizo usiku na mchana. Katikati, yaani kwenye kusafisha, kuyeyusha, kusaga na kupima, nchi hiyo haipo. Mjadala wetu kuhusu madini haya huishia kwenye tani na bei, na naona hapo ndipo tunapopotea. Vioo vipya vinavyotumia jerimaniamu kidogo, au visivyoitumia kabisa, vimeshaingia sokoni, na muda wa Kongo kufaidi mali yake ni mfupi kuliko tunavyoambiwa.

Tuanze na fizikia, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel alipitisha nuru ya jua katika mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali jicho lisipoona kitu. Kipimajoto kilipanda. Mionzi hiyo ndiyo tunayoiita infraredi. Kila kitu chenye joto huitoa, na kadiri kitu kilivyo baridi ndivyo mawimbi yake yanavyorefuka. Jicho la binadamu huona mawimbi ya kati ya mikromita 0.4 na 0.7, mikromita ikiwa sehemu moja ya milioni ya mita. Maji ya Tanganyika yenye nyuzi 26 hutoa mionzi mingi zaidi kwenye mikromita 9.7 hivi, na mwili wa mtu wenye nyuzi 37, kwenye mikromita 9.3. Hewa nayo ina milango yake. Huruhusu mionzi ya mikromita 3 hadi 5, kisha ya 8 hadi 14, na kwingine mvuke wa maji na hewa ya kaboni huimeza. Pwani ya ziwa, ambako hewa imejaa unyevu, hata milango hiyo huwa nusu wazi.

Kioo cha dirisha kimetengenezwa kwa silika, yaani silikoni na oksijeni zilizoshikana kwa nguvu. Atomi hizo ni nyepesi na kifungo chao ni kigumu, hivyo hutikisika haraka sana, na mtikisiko huo humeza mionzi ya infraredi kuanzia mikromita 3 hivi na kuendelea. Mtu akielekeza kamera ya joto kwenye dirisha lililofungwa, ataona joto la kioo chenyewe. Waliomo chumbani hawaonekani. Ili kuusogeza ukuta huo mbali zaidi, inabidi utumie atomi nzito zilizofungwa kwa kamba laini. Mtumbwi uliosheheni huyumba polepole kuliko mtupu, na mtikisiko wa polepole humeza mawimbi marefu tu. Ukiondoa oksijeni ukaweka salfa, kioo kitapitisha hadi mikromita 11 hivi. Ukiweka seleniamu, hadi 15. Ukiweka teluriamu, unaweza kukaribia 20.

Hapa ndipo penye utamu wa somo hili, na ndipo penye uchungu wake. Ulaini ule ule wa vifungo unaoruhusu joto kupita ndio unaofanya kioo kiwe dhaifu. Vioo vya aina hii, viitwavyo vya kalkojenaidi, hukwaruzika upesi, hupasuka vikipashwa joto ghafla, hutanuka sana, na baadhi yao huanza kulegea kabla ya nyuzi 200. Mhandisi hapati vyote. Anayetaka lenzi ngumu kwenye pua ya kombora atachukua salfidi ya zinki au yakuti ya kiwandani, naye atalipa kwa njia nyingine. Anayetaka mikromita 3 hadi 5 tu ana silikoni, ambayo ni nafuu na nyepesi. Kuna pia vioo vya floridi, vilivyogunduliwa Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa, mwaka 1974 na ndugu wawili wa ukoo wa Poulain. Hivyo vinafaa zaidi kwa nyuzi za kupitishia leza, na havifiki kwenye mikromita 9 ambako ziwa na watu wake huonekana.

Kwa mlango wa pili wa hewa, mshindani mkuu wa kalkojenaidi ni jerimaniamu. Hii si kioo kwa maana ya kitaalamu. Ni fuwele ya metali ya kijivu isiyopitisha nuru ya kawaida hata chembe, lakini katika infraredi inapitisha mikromita 2 hadi 14 na zaidi. Iligunduliwa mwaka 1886 na Clemens Winkler huko Freiberg, Ujerumani, miaka 15 baada ya Mendeleev kutabiri kwamba lazima iwepo. Nguvu yake ya kupinda mionzi ni kubwa mno, kipimo chake kikiwa 4 wakati kioo cha kawaida kina 1.5. Kwa sababu hiyo lenzi ya jerimaniamu inaweza kuwa nyembamba, na mbili au tatu hufanya kazi ya lenzi nyingi. Hasara inatoka hapo hapo. Kila uso usiopakwa utando maalumu hurudisha nyuma asilimia 36 ya mionzi, kwa hiyo lenzi isiyo na utando haina maana. Ikipata joto la karibu nyuzi 100 huanza kuwa giza hata kwa infraredi. Na joto la mchana likipanda, fokasi huhama, maana kipimo chake cha kupinda hubadilika kwa kila nyuzi zaidi ya mara nne ya kioo cha kalkojenaidi kilicho maarufu. Kamera iliyorekebishwa alfajiri Uvira haitaona vilevile saa nane mchana, mpaka iwe na mtambo wa kuisahihisha.

Kwa miongo mingi watengenezaji walizistahimili hasara hizo kwa kuwa jerimaniamu ilipatikana. Bei ilipopanda, hesabu ilibadilika. Madini haya hayana mgodi wake. Hufuatana na zinki, au hutolewa katika majivu ya makaa ya mawe, na China husafisha zaidi ya nusu ya yote duniani. Tarehe 1 Agosti 2023 China ilianza kudai leseni kwa kila shehena ya jerimaniamu na galiamu inayotoka nje. Tarehe 3 Desemba 2024 iliizuia Marekani kabisa. Zuio hilo lilisimamishwa kwa muda Novemba 2025. Katika kipindi hicho bei ilipanda mara kadhaa, na viwanda vya lenzi vya Ulaya na Marekani vikaanza kuulizia vyanzo vingine. Jicho likageukia Katanga.

Katanga haikuwa mgeni kwenye jambo hili. Mgodi wa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi kuelekea mpaka wa Zambia, ulifunguliwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1924. Zinki na shaba zake zilikuwa na jerimaniamu nyingi kiasi kwamba madini kadhaa yasiyojulikana awali yalielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na miamba ya huko. Mojawapo, renierite, lilipewa jina la mwanajiolojia wa Kibelgiji Armand Renier. Kati ya 1956 na 1978 tani 278 za jerimaniamu zilitoka Kipushi zikiwa ndani ya makinikia, yaani mchanga wa madini ambao bado haujayeyushwa. Mgodi ulifungwa 1993, ukafufuliwa na kampuni ya Ivanhoe pamoja na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na makinikia ya kwanza ya zinki yakatoka tena Juni 2024. Msomaji wa Tanzania analifahamu neno makinikia tangu 2017, Rais Magufuli alipozuia yasisafirishwe nje, na atajua mara moja tatizo lilipo. Metali ndogo ndogo husafiri zikiwa zimejificha ndani ya mzigo wa metali kubwa. Anayeyeyusha ndiye anayezitenganisha, na mara nyingi ndiye anayefaidi.

Habari kubwa zaidi ni ya mlima uitwao Big Hill, katikati ya Lubumbashi, kando ya lile bomba refu la moshi ambalo kila mtu wa mji huo hulitambua. Ni mabaki ya tanuru la shaba lililowashwa mwaka 1911, tani milioni kadhaa za takataka nyeusi ambazo baadaye ziligundulika kuwa na kobalti, zinki na jerimaniamu. Kampuni tanzu ya Gécamines, STL, ilizindua kiwanda kipya hapo mwaka 2023. Mei 2024 ilitangaza ubia na Umicore ya Ubelgiji, na Oktoba mwaka huo makinikia ya kwanza ya jerimaniamu yakasafirishwa. Gécamines yenyewe imesema kiwanda hicho kinaweza siku moja kukidhi hadi asilimia 30 ya mahitaji ya dunia. Umicore, kwa upande wake, huleta ujuzi wa kuboresha uchakataji na kupata haki ya pekee ya kuisafisha jerimaniamu hiyo.

Jina Umicore lilianza 2001. Kabla ya hapo iliitwa Union Minière. Yaani kampuni iliyoacha mlima ule wa mabaki, na ambayo mali zake za Kongo zilitaifishwa mwaka 1967, ndiyo inayonunua leo jerimaniamu ya mlima huo kupitia mrithi wake. Sioni kosa katika hilo peke yake. Biashara ni biashara, na Umicore ni miongoni mwa wachache duniani wanaojua kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachonishughulisha ni kwamba Umicore hiyo hiyo ina kiwanda cha vioo vya infraredi huko Acigné, jirani na Rennes, kinachotoa kioo cha jerimaniamu, aseniki na seleniamu. Katika kioo chake kinachofahamika zaidi, jerimaniamu ni takriban moja ya tano ya uzito. Kwa kuwa kioo hicho pia ni chepesi kuliko fuwele tupu, lenzi ya ukubwa uleule hutumia karibu sehemu moja ya sita tu ya jerimaniamu. Mnunuzi wetu, kwa maneno mengine, ana njia mbili. Muuzaji ana moja.

Na wapo waliokwenda mbali zaidi. Kioo cha aseniki na seleniamu peke yake, kwa uwiano wa atomi 40 kwa 60, hakina jerimaniamu kabisa. Hakikugunduliwa juzi: Rudolf Frerichs alishaeleza ndugu yake wa aseniki na salfa mwaka 1950. Kilichobadilika ni namna ya kukifinyanga. Fuwele ya jerimaniamu hukatwa lenzi moja moja kwa ncha ya almasi, na chembe nyingi huanguka chini. Zaidi ya asilimia 60 ya metali inayoingia katika viwanda vya lenzi hukusanywa na kusafishwa upya. Kioo cha kalkojenaidi hupashwa joto kikalegea, kikabanwa katika kalibu, kikatoka lenzi iliyokamilika, na kalibu hiyo hutumika tena na tena. Kampuni ya LightPath ya Florida, inayotumia pia leseni za vioo kutoka maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, imekuwa ikiwahimiza wateja wake wasanifu upya kamera zao ili waachane na jerimaniamu. Jeshi likishabadili mchoro wa kamera, halirudi nyuma kwa sababu bei ya Lubumbashi imeshuka.

Sidai kwamba jerimaniamu itakufa. Lenzi kubwa za masafa marefu bado zinaihitaji, nyuzi za mawasiliano huwekewa oksidi yake katika kiini, na seli za jua za setilaiti hujengwa juu yake. Lakini anayepanga mustakabali wa Big Hill kwa kudhani kwamba kila kamera ya joto itaendelea kuwa na vipande vitatu vya fuwele hiyo anapanga kwa kutazama nyuma.

Sasa turudi Uvira, maana swali la lenzi lina upande wa pili: zinatuonesha nini? Jibu la kwanza ni ziwa. Mbelgiji Louis Stappers alipima joto la Tanganyika mwaka 1912 na 1913. Jina la kisayansi la mukeke tunaoula, Lates stappersii, limetokana na jina lake. Vipimo hivyo vya kale ndivyo vilivyowezesha timu mbili za watafiti, moja ikiongozwa na Piet Verburg na nyingine na Catherine O'Reilly, kuonesha mwaka 2003 kwamba ziwa limepata joto na kwamba maji ya juu yanachanganyika kwa shida zaidi na yale ya kina, ambako virutubisho vimelala. O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani ulishuka kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Wataalamu wengine wa uvuvi walipinga, wakisema nyavu zina lawama kubwa kuliko hali ya hewa. Mabishano hayo hayajaisha, na setilaiti peke yake haitayamaliza.

Sababu ni kwamba lenzi ya infraredi huona ngozi ya maji tu, unene usiofika hata milimita moja. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo chini ya mita 100 au 200 halina oksijeni, haliwezi kueleweka kwa ngozi yake. Isitoshe, mawingu huziba mionzi hii, na msimu wetu wa mvua huanzia Oktoba hadi Mei. Kinachohitajika ni vyote viwili: picha kutoka juu, na kamba yenye vipimajoto iliyoshushwa majini mwezi baada ya mwezi, mahali palepale. Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH-Uvira, kiko ufukweni, kina historia ndefu, na wataalamu wake wanalijua ziwa hili kuliko setilaiti yoyote. Picha za Landsat ni za bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kinachokosekana ni umeme wa uhakika, mashua yenye mafuta na mishahara inayofika, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotengenezwa kwa seleniamu.

Matumizi ya pili kila msafiri wa mpaka wa Kavimvira anayajua. Ebola ilipothibitishwa Mwenga, Kivu Kusini, Agosti 2019, na Covid ilipofuata, kila mtu aliyevuka kwenda Gatumba, Burundi, alielekezewa kipimajoto cha termoflashi kwenye paji la uso. Vifaa hivyo havihitaji jerimaniamu. Vingi vina kidirisha chembamba cha silikoni. Unafuu wao ulikuwa baraka, lakini hupima ngozi, na ngozi ya mtu aliyetembea juani kutoka Bonde la Ruzizi si kioo cha homa yake. Nisingependa kuona kituo cha mpaka kikitegemea kifaa hicho bila mwuguzi anayeuliza maswali.

La tatu ni vita, na hapa maneno yawe machache. Umoja wa Mataifa ulirusha ndege zake za kwanza zisizo na rubani Goma mnamo Desemba 2013, zikiwa na kamera za mchana na za joto. Tangu wakati huo droni zimezidi kuwa sehemu ya mapigano ya mashariki, na wakaazi wa Uvira walizifahamu zaidi vita vilipoingia mjini mwao Desemba 2025. Kwa lenzi ya mikromita 8 hadi 14, mama aliyejificha migombani usiku na askari aliyejificha hapo huonekana kwa rangi moja. Ndiyo maana kamera hizi huuzwa kwa vibali, na zile zinazopatikana kirahisi madukani zimepunguzwa kasi hadi picha 9 kwa sekunde. Wanaopigana hawakosi zile za kasi.

Basi Kongo ifanye nini? Wapo wanaotaka kiwanda cha lenzi Lubumbashi kesho. Siungi mkono. Kukuza fuwele ya jerimaniamu kunahitaji metali safi kwa asilimia 99.9999, tanuru linaloshikilia joto karibu na nyuzi 938 bila kuyumba, na umeme usiokatika, mambo ambayo jiji lile halina kwa sasa. Kioo cha kalkojenaidi kinahitaji mtaji mdogo zaidi, kwa kuwa huyeyushwa katika mirija ya kwatzi iliyofungwa na kutolewa hewa, ndani ya tanuru linalotikiswa kwa saa nyingi. Lakini mle ndani mna aseniki na seleniamu, na mji ambao tayari unapambana na sumu za migodi hauhitaji jaribio la haraka haraka.

Kinachowezekana, na kwa gharama ndogo ukilinganisha na mapato, ni vitu viwili. Kwanza, usafishaji usogezwe hatua moja mbele, hadi oksidi ya jerimaniamu, ili shehena iuzwe kwa kilo inayojulikana usafi wake badala ya makinikia ambayo mnunuzi ndiye anayeyapima. Pili, Kitivo cha Ufundi cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kipate maabara ya macho ya infraredi yenye vyombo vya kupimia upitishaji na utando, na wahandisi wake wapate nafasi katika viwanda vya Umicore vya Acigné na Olen kwa mkataba, si kwa hisani. Ujuzi wa kupima huja kabla ya ujuzi wa kutengeneza, na huo haupotei bei ya metali ikishuka.

Wabunge wa Haut-Katanga na Kivu Kusini wana haki ya kuuona mkataba wa STL na Umicore na kuuliza kama mambo hayo mawili yamo. Kama hayamo, wayadai sasa, wakati wanunuzi bado wanaihitaji jerimaniamu yetu.